Mwambie Niko Hapa Nakula

Litein, 3 Machi 2024

Kwa Chepkurui, mke wa mwanangu,

Kabla hujaanza kusoma, jua kwamba karatasi hii imesafiri ndani ya mfuko mmoja na omena, kwa hivyo usinilaumu kwa harufu. Dagaa hiyo ni ya juzi. Nimeichambua mwenyewe hapa kibandani na haina mchanga. Mjukuu wangu Dolphine mpe na vichwa, vinaongeza akili.

Unauliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani na simu ninayo. Haya, sikiliza. Mwenzangu Bitutu, yule wa nyanya wa kibanda cha pili, wakora wamemmaliza. Walimpigia wakamwambia kijana wake Ondieki amegongwa na bodaboda pale Kapsoit, yuko hospitali, daktari hamgusi bila pesa. Maskini akatuma mpaka pesa ya chama. Jioni Ondieki akaingia nyumbani na mpira kwapani, akauliza chakula kiko wapi! Tangu siku hiyo mimi na simu ni salamu za mbali. Meseji nafuta bila kusoma.

Lakini mimi hawaniwezi. Clifford alinifundisha Januari kabla hajarudi baharini. Aliniambia, "Mama, mtu yeyote akikupigia aseme niko taabani, usibishane naye. Mwambie niko hapa nakula, halafu ukate." Tukafanya hata mazoezi. Yeye akaenda nyuma ya nyumba na simu yake, akajifanya mkora, mimi nikajibu nikiwa jikoni. Mara ya kwanza nilicheka, akakasirika. Mara ya pili akasema nimepita.

Sasa kuna ile habari nyingine. Kabla hajaondoka alinionyesha kidude cha rangi ya chungwa, akaanza kunieleza mambo ya setilaiti, na mimi nilikuwa nakimbilia soko. Akasema wewe utanieleza pole pole. Haya, nieleze.

Mimi mamako,
Jerusa Adongo


Mombasa, 12 Machi 2024

Mama mpendwa,

Mfuko umefika, asante sana. Jirani aligonga mlango kuuliza ni nini kinapikwa, nikampa sahani ndiyo akanyamaza.

Kile kidude ni cha kuomba msaada baharini. Fundi mzungu waliyekuwa naye kwenye meli ya kwanza alikuwa anastaafu, akamwachia Clifford. Anakivaa kifuani kila akiwa kazini. Unajua Marlena ni meli ndogo ya uvuvi, na pale chini kwenye injini anapofanya kazi hakuna hata dirisha. Ikitokea shida anainua waya wake na kubonyeza. Kilio chake kinapaa juu kabisa, setilaiti inakidaka, inakirudisha chini, na simu inalia kwako.

Ndiyo, kwako. Nambari aliyoiandikisha kwa wenye hicho kidude, kule ng'ambo, ni yako, si yangu. Sitakuficha mama, nilinuna. Mimi ndiye ninayelala nikimwaza. Akaniambia mimi hubadilisha laini kama mtu anayebadilisha soksi, lakini yako ni ile ile tangu baba akiwa hai, akifanya kazi kule kiwanda cha majani ya chai. Na ni kweli.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja tu. Usizime simu.

Dolphine anasema vichwa vya omena vinamwangalia.

Binti yako,
Chepkurui


Litein, 20 Machi 2024

Nyathina, mtoto wangu,

Sasa umesema nimeelewa. Huyu kijana angenieleza hivyo nisingemkimbia.

Mambo ya kununa achana nayo. Ningekuwa wewe ningenuna pia, tena ningemnyima chai. Lakini amefanya vizuri. Kilio cha Clifford nakijua kuliko mtu yeyote. Alipozaliwa kule kwenye nyumba za kampuni alilia mpaka wanawake wakatoka kwenye majani na vikapu mgongoni kuja kuona ni nini. Hata kikipitia mbinguni kwanza nitakijua. Nikisikia sauti yake nitamjibu, "Mama yuko."

Kwa hivyo sheria zimebadilika. Simu haizimwi tena. Mchana iko kifuani, usiku iko chini ya mto. Stima ikipotea nampelekea kinyozi, ana sola. Nambari nisiyoijua napokea, huenda ikawa ndiyo setilaiti. Lakini wewe usinipigie, wala shemeji yangu Ojwang asinipigie, wala mchungaji. Nikiona jina lako nitakata, usikasirike. Je, tukiwa tunapiga domo mimi na wewe halafu yeye alie, akute njia imefungwa? Nitajisamehe vipi?

Tuandikiane tu. Konda wa basi ananiheshimu, namwekea omena.

Jerusa


Litein, 9 Aprili 2024

Chepkurui!

Kaa chini usome hii. Wamenijaribu!

Jana nikiwa sokoni simu ikalia. Nambari ndefu ya ng'ambo, sijawahi kuona. Moyo uliruka, nikasema ni Clifford. Nikaweka sikioni nikingoja sauti yake. Wapi! Mwanaume wa Kiingereza cha puani, halafu akaingizwa mwingine wa Kiswahili. Na kile Kiswahili sasa! Cha kitabu, laini kama mafuta ya kupaka. "Samahani sana mama, naomba radhi kwa kukusumbua. Je, wewe ndiwe mama mzazi wa Clifford Omollo? Tumepokea ishara kwamba huenda yuko hatarini. Tunaomba kuthibitisha kama yuko baharini."

Naomba radhi! Hapa Litein mtu mwenye nia nzuri ameniomba radhi lini? Hapo hapo nikajua. Nikamwambia, "Clifford yuko hapa, anakula." Akauliza, "Una hakika, mama? Unamwona?" Nikamjibu, "Namwona kabisa, ana tonge mkononi, anakusalimu." Nikakata.

Wakapiga tena! Eti Marlena ina watu wangapi, eti Clifford mara ya mwisho aliongea na mimi lini. Siku hizi wakora wanasoma, wanajua mpaka jina la meli. Nikamwambia atafute mjinga mwingine, wa Litein wameisha. Nikakata, na hawakurudi.

Soko lote lilipiga makofi. Bitutu alinikumbatia akalia, akasema nimemlipizia kisasi. Zile nyanya kwenye mfuko ni zake, alikataa nizilipie.

Clifford akikupigia mwambie mwanafunzi wake amepita mtihani.

Jerusa


Mombasa, 12 Aprili 2024

Mama,

Nimekupigia umekata, kama ulivyosema. Kwa Bitutu nimeogopa kupiga. Habari kama hii siwezi kuipitishia kwenye simu ya mtu katikati ya soko.

Marlena haijulikani iko wapi. Ajenti wa meli anasema ilitakiwa kuongea na ofisi tangu Jumatatu na haijaongea. Kwanza alisema ni redio mbovu. Leo hasemi ni redio, anasema tuombe. Wameanza kutafuta kwa ndege tangu jana jioni. Kiwandani ninakofanya kazi nimeomba ruhusa, nashinda pale ofisini kwa ajenti na wake za wenzake Clifford.

Mama, simu imelia? Umesikia chochote? Nijibu haraka, mpe konda wa kwanza utakayempata.

Chepkurui


Litein, 15 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako niliisomea njiani, nikakaa chini kwenye nyasi za watu. Lakini baadaye nikafikiria vizuri, na wewe ufikirie.

Simu haijalia. Sijasikia sauti yake hata kidogo. Si uliniandikia mwenyewe, akipata shida anabonyeza, kilio kinapaa, kinashuka kwangu? Hakijashuka. Basi hajabonyeza. Na kama hajabonyeza hana shida kubwa, injini imezima tu na anaitengeneza. Huyo alifufua boila ya kiwanda akiwa bado mwanagenzi, na mabwana wakubwa walikuwa wamekata tamaa. Mwambie ajenti hivyo. Waambie na hao wanawake wenzako wafute machozi.

Mimi sasa natembea na simu mkononi, hata kifuani siiweki. Jioni napanda pale kituo cha kupimia majani, network ni nzuri zaidi. Wachumaji wananisalimu, siwajibu, nisije nikakosa mlio.

Usilie. Itakapolia nitakuwa wa kwanza kukuambia.

Jerusa


Mombasa, 28 Aprili 2024

Baba Ojwang,

Nakuandikia kwa sababu simu yako ni ya spika na karakana yako hapo Kapsoit haikosi watu. Haya ni yako peke yako. Wewe ndiye ndugu ya marehemu baba, sina mwingine wa kumwambia.

Jana tuliitwa ofisini kwa ajenti, tukamkuta ofisa wa uokoaji. Tarehe nane mchana kituo cha uokoaji cha ng'ambo kilipokea kilio cha kidude cha Clifford. Setilaiti ilifanya kazi yake. Karibu vilio vyote wanavyopata ni vya bure, mtu amekikalia au mtoto amekichezea, kwa hivyo kwanza hupiga simu kwa mtu aliyeandikishwa. Walipiga Litein mara mbili. Mama akawaambia Clifford yuko nyumbani, anakula, anamwona. Wakaandika kwamba ni kilio cha bure. Betri ilikuwa ya zamani, muda mfupi baadaye kikanyamaza. Marlena yenyewe ilizama bila kutoa sauti nyingine. Siku tatu zilipita kabla mtu yeyote hajaondoka kwenda kuwatafuta. Waliokota maboya mawili na kifuniko cha jokofu la samaki.

Yule ofisa alinisomea kwenye karatasi, "anakula", halafu akanitazama. Nilijifanya sielewi. Lakini barua ya mama ya tarehe tisa nilikuwa nayo mkobani, baba; mfuko wake ulisahaulika stendi, niliuchukua asubuhi ile ile. Anacheka ndani yake. Ameniletea na nyanya, zimeshaoza.

Siku ya kwanza nilimchukia. Nakuambia ukweli, nilitaka kupanda basi nije nimpigie kelele mbele ya soko lote. Halafu nikakumbuka ni mimi niliyemwelezea. Niliandika kilio kinashuka na simu inalia. Sikuandika kwamba ni mtu atakayeongea, tena mgeni. Mama alikuwa anangoja sauti ya mtoto wake.

Akijua atakufa. Naomba usimwambie.

Chepkurui


Kapsoit, 6 Mei 2024

Chepkurui mwanangu,

Nimesoma barua yako, nimeichoma kwenye jiko la gundi. Pole.

Lakini nisikilize mimi mzee. Kwetu, mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, tunazika yago, lile tunda refu la mwituni, mahali pake, kwenye boma lake kule Karachuonyo. Tunalililia kama mtu. Bila hivyo anabaki anazunguka, na nyinyi mliobaki mnazunguka naye. Wewe ni wa Chebunyo, huenda kwenu si hivyo, lakini wewe ni mke wa Omollo sasa na Dolphine ni damu yetu.

Nilienda Litein kumwambia shemeji. Nilikuwa nimeshaongea na wazee. Alinikaribisha, akanipikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka simu mezani katikati yetu, akasema, "Ojwang, hii haijalia. Unataka nimzike mtoto ambaye hajaniita?" Akanionyesha mlango. Miaka yote hiyo hajawahi kunionyesha mlango.

Amekonda. Kibanda hafungui, anashinda juu kule kwenye kituo cha majani na mvua inamnyeshea, simu ameifunga kwenye karatasi ya nailoni. Watoto wa shule wanamcheka. Tumaini lake lote limesimama juu ya ile simu kutolia, na wewe na mimi tunajua ililia. Ama umwambie wewe, ama nimwambie mimi. Mtu hawezi kuishi hivi.

Ojwang


Mombasa, 16 Mei 2024

Mama mpendwa,

Haya naandika yananiuma, lakini ni lazima uyasikie kutoka kwangu.

Ofisi wametuita. Kile kidude kilikuwa kibovu. Betri ilikuwa imekufa kabla hata hajasafiri. Alipobonyeza hakuna kitu kilichopaa, setilaiti haikusikia chochote, na hakuna mtu aliyempigia mtu yeyote simu. Ndiyo sababu hukusikia. Mama, simu kutolia si dalili kwamba yuko hai. Marlena ilizama. Familia zote za wenzake zimelia na kuanza matanga, ni sisi tumebaki.

Hakuna ambacho mtu angefanya. Ile barua yako ya mwanzo wa Aprili haikunifikia, nadhani ilipotelea kwenye basi, kwa hivyo kama uliandika jambo la maana nisamehe. Mwache Baba Ojwang alete yago. Nitakuja na Dolphine, nitakaa na wewe kadiri utakavyotaka. Teremka huko juu, mama. Mvua itakuua.

Binti yako,
Chepkurui


Litein, 27 Mei 2024

Chepkurui nyathina,

Nisamehe mwandiko wa leo.

Unasema barua yangu ya Aprili haikufika. Sikukuuliza. Asiyepata barua atajuaje kama iliandikwa? Konda alinipa salamu zako siku uliyouchukua ule mfuko wa nyanya. Kudanganya hujui, mwanangu, na sikusemi vibaya. Nilijiuliza tu, kwa nini msichana huyu ananificha barua ya wakora?

Nikakaa na hilo. Jumamosi nilipoteremka, mvua ya mawe ilitufungia sokoni, tukajibanza na Bitutu chini ya turubai, akaanza tena hadithi yake, maana hachoki nayo. Akasema yule mkora wake hata salamu hakumaliza, tayari ameshataja pesa. Wote wako hivyo, akasema, pesa ndiyo neno la kwanza. Nilikuwa nacheka naye. Nikaacha.

Wangu hakuomba pesa, Chepkurui. Alipiga mara mbili na hakuomba pesa. Aliomba radhi. Aliniuliza kama namwona mtoto wangu, nikamwambia namwona. Alirudi kuniuliza tena, na soko likapiga makofi.

Nilienda kwa Ojwang usiku ule ule kwa bodaboda. Nikamuuliza mara moja tu. Aliangalia randa yake, na mimi nikajua.

Usiniandikie kwamba si kosa langu. Ojwang ameshasema, Bitutu ameshasema, na mchungaji anakuja kesho kuniambia Mungu ana mpango wake. Nitamkaribisha chai. Mimi ninachokiona ni Clifford ndani ya maji, ameshika kile kidude, anajiambia mama ana simu, laini yake ni ile ile, mama atapokea. Na kweli nilipokea.

Alinifundisha mwenyewe. Akaenda nyuma ya nyumba akanipigia mpaka nikashika. Ningekuwa mjinga kidogo, ningekuwa mama wa kulia hovyo kama Bitutu, leo angekuwa hai. Ee Clifford wangu.

Mwambie Ojwang alete hilo yago, sitamzuia tena. Tutaenda Karachuonyo, nitalililia kama anavyotaka. Na wewe njoo, hata kama bado unanichukia. Najua ulinichukia, ningekushangaa usingenichukia. Simu nimempa Bitutu, sitaki kuisikia.

Kitu kimoja tu nakuomba. Nilimwambia yule mtu kwamba Clifford yuko hapa, anakula. Basi kila jioni nampakulia ugali na omena, nafunika na sahani nyingine, naweka mezani upande wa mlango pale anapokaaga. Asubuhi nampa mbwa. Ojwang anasema tukishazika nitaacha. Sitaacha. Ukifika na Dolphine utaikuta hapo. Usiiondoe.

Mamako,
Jerusa Adongo